Nyaya za kitotoleshi: rangi, shanga na daftari

Kitotoleshi changu cha kwanza, mashine ya kutotoleshea mayai ya kuku kwa joto la balbu, nilikifunga kwa waya mwekundu mwanzo hadi mwisho. Si kwamba naipenda rangi hiyo. Shemeji yangu alibakiwa na roli karibu zima baada ya kumaliza nyumba yake, akaniletea, na mwalimu wa shule ya msingi hakatai waya wa bure. Laivu (waya unaoleta umeme) nyekundu, nyutro (unaourudisha) nyekundu, nyaya za feni nyekundu, za balbu nyekundu. Siku namaliza nilijua kila waya unakokwenda kama ninavyojua majina ya watoto wa darasa langu. Miezi minne baadaye sikuujua hata mmoja.

Feni ilisimama siku ya kumi na tisa tangu niweke mayai, saa tano usiku. Ndani mna trei nne, mayai 120, na mengine ukiyaweka sikioni unasikia kifaranga analia. Nikazima, nikakata feni mbovu, nikashika nyaya mbili nyekundu ambazo ningeapa kuwa zinatoka kwenye adapta ya volti 12, nikaunga feni mpya. Kumbe zilikuwa za balbu. Nilipowasha, feni ya volti 12 ikapokea 230. Ilitoa mlio mfupi kama panzi aliyekanyagwa, ikafuka moshi, breka ikaruka na nyumba nzima ikawa giza. Fundi alipatikana asubuhi, joto ndani limeshashuka hadi 26. Vilitoka vifaranga tisa.

Nilikijenga upya ndani ya jokofu bovu, safari hii nikiwa na rangi zinazoeleweka na lebo kila ncha ya waya. Ninaeleza nilivyofanya, na yale niliyojaribu yakanishinda.

Kwanza mpaka wa kazi yenyewe. Naongelea kifaa kinachochomekwa kwenye soketi. Nyaya za ukutani, mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla) na ubao wa breka ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, mimi sizigusi. Na kwenye kifaa chenyewe, kila unapotaka kushika waya, chomoa plagi. Usiridhike na kuzima swichi ya soketi. Ziko soketi zilizofungwa kinyume, swichi inakata nyutro huku laivu imebaki pale pale inasubiri kidole chako.

Rangi ulizozikuta

Waya laini wa nyuzi tatu unaouzwa kwa mita madukani una rangi zake tayari: kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Usizibadilishe. Watu wengi hujikoroga kwa sababu ukutani mwa nyumba zetu mna rangi nyingine. Sehemu ya mwanzo ya nyumba yangu, ya mwaka 1998, ina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Chumba tulichoongeza baadaye kina kahawia na buluu. Mtu akifungua soketi mbili za nyumba moja atadhani zilifungwa na mafundi wa nchi mbili tofauti.

Sababu inajulikana. Uingereza, tulikorithi plagi ya miguu mitatu, ilikuwa na nyekundu na nyeusi ndani ya kuta zake mpaka ilipoanza kuhamia kahawia na buluu mwaka 2004, ili iende sawa na Ulaya. Zile za zamani zikakoma kutumika kwenye kazi mpya mwaka 2006. Hapo ndipo penye mtego. Katika mfumo wa zamani wa fezi tatu, yaani wenye laivu tatu, buluu ilikuwa fezi na nyeusi ndiyo nyutro. Katika mfumo mpya nyeusi ni fezi, na buluu ndiyo nyutro. Zimebadilishana viti. Kwa hiyo waya wa buluu unaouona ukitokeza kwenye ukuta wa zamani usiuamini kwa rangi yake. Mwache fundi aupime.

Kahawia, buluu na kijani chenye mstari zina faida nyingine. Wako watu, wanaume kuliko wanawake, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mpwa wangu ni mmojawapo. Tuligundua alipokuwa anaokota nyanya mbichi shambani na kuapa kuwa zimeiva. Mtu kama huyo akipewa waya mwekundu na wa kijani cha kawaida, anabahatisha. Mstari wa njano anauona.

Kijani na njano ni ethi peke yake. Hata ukiishiwa waya, hata ukiuzungushia tepu nyeusi kutoka huku mpaka kule, usiupe kazi nyingine. Jokofu lina bodi la bati, na ndani ya kitotoleshi mna sinia la maji kwa ajili ya unyevu. Bati, maji na umeme katika kisanduku kimoja. Waya wa ethi ndio unaokutenganisha na jeneza.

Rangi nyingine zina ruhusa ya kubadilishwa kazi, kwa sharti la kutangaza. Mfano ni swichi. Ukipeleka waya wa nyuzi mbili, kahawia na buluu, kwenda kwenye swichi, laivu inakwenda kwa kahawia na kurudi kwa buluu. Buluu ile inayorudi si nyutro tena; swichi ikiwashwa ni laivu kamili. Izungushie tepu ya kahawia, sentimita mbili kila ncha. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Upande wa volti 12

Huku rangi zina uhuni zaidi. Kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, na kama unanunua waya mpya fuata hivyo. Lakini kitotoleshi cha mtaani hujengwa kwa vipuri vya kompyuta zilizokufa, na kompyuta ina sheria zake.

Feni ya kompyuta yenye nyaya tatu: nyeusi ni hasi, nyekundu ni chanya, njano ni ya kupeleka taarifa ya mwendo. Hiyo njano huihitaji. Ikunje, ifunge tepu, iache. Feni yenye nyaya nne mara nyingi huja na nyeusi, njano, kijani na buluu, na hapo njano ndiyo chanya ya volti 12. Yaani waya wa njano kwenye feni moja ni wa taarifa, kwenye feni ya jirani yake ndio unaoizungusha. Na ukichukua pawa ya kompyuta ya mezani ili ikupe umeme, njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5. Mtu aliyezoea kuwa nyekundu ni 12 ataunga feni kwenye nyekundu, itazunguka kivivu au isizunguke, naye atailaumu feni.

Adapta ndogo za ukutani zina waya pacha mweusi, mmoja una mstari mweupe. Mara nyingi wenye mstari ndio chanya. "Mara nyingi" haitoshi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC (umeme kama wa betri), gusa kwa ncha nyekundu waya unaodhani ni chanya. Namba ikija na alama ya kutoa mbele yake, umegeuza.

Mimi baada ya kupima navalisha rangi zangu: kipande cha tepu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, bila kujali kiwandani walipaka nini. Ndani ya kisanduku changu rangi za volti 12 ni mbili tu. Na nyaya hizo hupita upande wa kushoto, za 230 upande wa kulia, hazifungwi pamoja kwenye kamba moja. Usiku ule wa feni zilikuwa zimesukwa pamoja kama mkeka.

Rangi haikwambii unakokwenda

Rangi inakwambia waya unafanya kazi gani. Ndani ya kisanduku changu mna nyaya tano za kahawia, zote laivu, zote za kazi halali. Ipi ya balbu? Ipi ya kidhibiti joto? Hapo ndipo lebo inapoanza.

Kila waya una jina moja, na jina lile lile linaandikwa ncha zote mbili. Herufi ya kwanza ni rangi au kazi, namba inafuata: K kwa kahawia, B kwa buluu, E kwa ethi, S kwa sensa, kile kidude kinachopima joto. K4 ikianzia kwenye kidhibiti ni K4 mpaka inapofikia balbu. Nilianza kwa kuandika safari nzima juu ya lebo, "kutoka kidhibiti kwenda balbu", lakini lebo ikawa ndefu kama barua, haisomeki ikishakunjwa kwenye waya mwembamba. Safari naiandika kwenye daftari. Kwenye waya linabaki jina.

Daftari lenyewe ni ukurasa mmoja, nimeubandika ndani ya mfuniko wa kisanduku na kuufunika kwa seloteipu pana. Sehemu yake inasomeka hivi:

K1: plagi → swichi kuu
K2: swichi kuu → kidhibiti 1
K3: swichi kuu → kidhibiti 5
K4: kidhibiti 6 → balbu
K5: swichi kuu → adapta
B1: plagi → konekta ya nyutro
B2: konekta → kidhibiti 2
B3: konekta → balbu
B4: konekta → adapta
E1: plagi → bodi la jokofu
S1, S2: sensa → kidhibiti 3 na 4

Kidhibiti ni STC-1000 ya volti 220, kile kisanduku cheusi chenye namba nyekundu kinachouzwa kila mahali. Tundu 1 na 2 ni za umeme wake mwenyewe, 3 na 4 za sensa, 5 na 6 za kupasha joto, 7 na 8 za kupoza, ambazo kwenye mayai hatuzitumii. Angalia K3 na K4. Tundu 5 na 6 hazitoi umeme. Ni swichi tu iliyofichwa ndani. Lazima uipelekee laivu kwenye 5 ndipo itoke kwenye 6 kwenda kwenye balbu. Watu wawili wamewahi kuniletea mashine zao wakisema kidhibiti ni kibovu, taa yake inawaka, balbu haziwaki. Waliunga balbu moja kwa moja kwenye 5 na 6 wakingoja muujiza. Na sensa ikichomekwa kwenye tundu za umeme haitapata nafasi ya pili, kwa hiyo S1 na S2 ndizo lebo ninazozikagua mara mbili.

Namba ziandike kama unaandikia darasa la kwanza. Moja iwe kijiti tupu, saba iwekee kikato katikati. Sita na tisa zipigiwe mstari chini, maana waya hauna juu wala chini. Ukiugeuza, sita imekuwa tisa.

Lebo zilizonishinda, na zilizokubali

Nilianza na tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na kalamu ya wino. Kitotoleshi kina joto la 37.5 na unyevu unaopanda kuzidi 60 kwa mia siku za mwisho. Baada ya mzunguko mmoja tepu zilikuwa zimeanguka chini ya trei kama majani ya mwarobaini, na wino umetanda. Nikajaribu stika za bei za dukani. Gundi yake ililainika, zikatelezea upande mmoja. Shemeji akashauri nikate kopo la soda nichonge herufi kwa msumari. Nikamwambia shemeji, bati lenye ncha kali katikati ya nyaya za 230, hapana, asante.

Kilichokubali kwenye nyaya za kahawia na buluu ni mrija wa plastiki angavu. Tafuta mrija mwembamba unaoubana waya kidogo, kata kipande cha sentimita mbili. Andika jina kwa penseli kwenye kikaratasi chembamba; penseli haitandi kwa unyevu kama wino. Zungushia kikaratasi kwenye waya, telezesha mrija juu yake, funga ncha za mrija kwa tepu angavu. Maduka ya vifaa vya elektroniki yana mpira angavu unaosinyaa ukipashwa moto, nao ni bora zaidi kwa sababu unakumbatia waya. Kiberiti kipite kwa mbali, usikaange.

Kosa la kwanza utakalofanya, nami nimelifanya mara nne, ni kukaza waya kwenye konekta kisha kukumbuka kuwa mrija uko mezani. Hauingii tena mpaka ufungue. Vaa lebo kwanza, menya waya baadaye.

Karibu na balbu usiweke lebo. Balbu zangu ni nne za wati 60, zile za zamani za kuchoma, kwa sababu za kisasa za LED hazitoi joto la kutosha kuku kufurahi. Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70, na kwenye holda joto hupita hapo. Kipande cha mwisho kwenda kwenye holda nimetumia waya wa silikoni, na lebo nimeiweka sentimita 20 nyuma, kwenye sehemu ya baridi.

Upande wa volti 12 ndipo nilipojipendelea. Binti yangu ana shanga za plastiki za kuvalisha kwenye nywele zilizosukwa, zenye tundu pana. Waya unapita bila shida. Nikaacha kuandika, nikaanza kuvalisha: shanga moja ni chanya ya adapta, mbili ni hasi yake, tatu chanya ya feni, nne hasi ya feni. Kipande cha tepu nyuma yake kinazizuia zisitembee. Uzuri wa shanga ni kwamba unazihesabu kwa vidole, gizani, bila miwani.

Rangi ya kucha nayo ina kazi yake. Nimeweka nukta pembeni ya tundu nne za kidhibiti: nyekundu kwa 1 na 5, nyeupe kwa 3 na 4. Weka kwenye plastiki pembeni, isiingie kwenye skrubu, maana ikikauka kwenye shaba inazuia umeme. Na iache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chochote. Harufu ile ni ya kitu kinachowaka.

Kupima kabla ya kuchomeka

Plagi ikiwa mkononi, mita iweke kwenye alama ya mlio. Ncha moja mguu mrefu wa plagi, nyingine kwenye bati la jokofu: lazima ilie. Kama imenyamaza, rangi ya jokofu imezuia. Kwangua mpaka uone bati linang'aa chini ya bolti ya ethi, kaza tena. Kisha mguu wa laivu na mguu wa ethi: hapa lazima inyamaze kabisa, swichi kuu ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa.

Halafu waya kwa waya. Binti anasoma daftari, "K4, kidhibiti sita", mimi nagusa ncha ya huku na ya kule, mita inalia, anaweka tiki. Kila waya nauvuta kidogo kwa vidole. Siku ya kwanza B3 ulitoka mkononi mwangu kama jino la mtoto; skrubu ilikuwa imebana plastiki badala ya shaba.

Na fyuzi ya plagi. Plagi huuzwa na fyuzi ya 13. Balbu zangu, adapta na feni vyote pamoja havifiki wati 300, yaani ampea moja na kidogo. Weka fyuzi ya 3. Nayo nimeiandika juu ya plagi, "FYUZI 3", ili mtu asije akaibadilisha kwa nia njema.

Mwezi wa sita nilikuwa Dodoma kwa dada yangu, feni ikasimama tena. Siku ya kumi na saba safari hii. Binti akanipigia, sauti juu. Nikamwambia, "Chomoa plagi. Fungua kisanduku. Feni mpya iko droo ya chini. Tafuta shanga tatu."

"Nimezipata, mama. Nyekundu."

"Legeza hiyo, weka nyekundu ya feni mpya. Sasa shanga nne."

Ilimchukua dakika kumi na mbili, tochi ya simu ikiwa mdomoni, ndiyo maana nusu ya maneno yake sikuyaelewa. Joto lilishuka nyuzi mbili tu. Niliporudi nikafungua kisanduku kukagua. Feni inazunguka, skrubu zimekaza, rangi sawa. Lakini feni iliyokufa ilikuwa mezani na shanga zake zote saba shingoni, na mpya ilikuwa haina hata moja. Nikamwita, nikampa shanga na bisibisi, na kwenye daftari nikaandika kwa kalamu nyekundu: lebo zihamie kwenye kipuri kipya kabla ya kufunga mfuniko.